Bawabu Mwenye Haki ya Utani

Suruali ya Mtemi Radi ilitoweka wakati anavikwa taji, na Bonde zima lilikuwa linatazama.

Nilikuwa buchani kwangu Mbinga. Mchana wateja ni wachache, kwa hiyo nilikuwa nimeweka miguu juu ya friza na miwani ya mchezo usoni. Kwa macho ya kawaida mbele yangu palikuwa na kaunta, mzani na bonge la nyama ya pipa, ile inayooteshwa bila ng'ombe, iliyovunwa asubuhi. Kwa miwani palikuwa na uwanja wa ikulu ya Bonde la Ngurumo, mchezo wetu: ngoma, mikuki, ukoo mzima wa Asali umejipanga, na katikati Mtemi Radi ndani ya suruali ya hariri nyekundu. Mchezaji wake, Gwakisa, muuza mabati wa Tukuyu, alikuwa ameihangaikia suruali ile misimu miwili, akapigania mapango na kuua joka moja lisilo na kosa.

Kuhani alipoinua taji, suruali ikawa haipo.

Sasa, hakuna mchezaji anayehangaika kumchagulia mhusika wake nguo za ndani. Usipochagua, Bonde linakupa kaptula ya gunia. Mtemi Radi akavikwa taji akiwa na ngao mkononi na kaptula ya gunia kiunoni, yenye maandishi ya kilo nyuma.

"Nani?" Gwakisa alifoka. "Nani kaichukua?"

Sauti ya Bawabu, mashine yetu ya lango, ikajibu, tulivu kabisa. "Mimi hapa, mtani. Ilikuwa inalia. Ilisema imechoka kubeba mzigo mkubwa usio na kazi."

Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Mpiga ngoma mmoja alikaa chini. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka kisu kikanidondoka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu Gwakisa alikuwa amegeuka na ananitafuta.

"Mzee Kapinga! Wewe si ndiye mkuu wa lango? Hilo dude lako linaniibia mbele ya wake zangu!"

"Mke mmoja tu ndiye aliyekubali," Bawabu alisema. "Wengine bado wanafikiria. Na sasa wameona kaptula."

"Kapinga, nataka shauri! Leo leo!"

Bonde lina sheria zake, na anayetaka shauri hanyimwi. Nikamwambia litasikilizwa kesho mchana, nikavua miwani. Mama mmoja alikuwa amesimama kaunta muda wote ananiangalia mtu mzima ninavyocheka na ukuta. Nikampimia kilo yake, nikamwongezea na kipande.

*

Anayetoka nje ya Bonde hashangai suruali. Anashangaa lango.

Michezo mingine ukitaka kuingiza mhusika unajaza nguvu zake, mwendo wake, bahati yake, mtu anakagua kama hujajipa za kupindukia, basi umepita. Sisi tulianza kwa njia yetu. Bonde lina koo, na kila ukoo una watani wake: Chumvi na Asali, Moshi na Mvua, na kadhalika. Hupiti mpaka mtani wako akutanie langoni, na mhusika wako amjibu kabla ngoma haijanyamaza. Ukijibu vizuri tunajua umeumba mtu. Ukikasirika au ukabaki unatoa macho, tunajua umeumba rundo la silaha lenye jina, na unarudi nyumbani kulifikiria upya. Njia hii haikuwahi kutuangusha.

Shida ilikuwa watu. Wanaotania langoni ni wachezaji kama wengine, wana maduka, wana watoto, wanaumwa mafua. Na wanaotaka kuingia walikuwa wanatoka kila mahali, kuanzia Lamu mpaka Kalemie. Foleni ikawa ndefu mpaka watu wakaanza kuoana kwenye foleni. Ndipo Nyangeta, mtaalamu wetu wa Musoma, alipotengeneza Bawabu.

Nilimpigia jioni ile. Alikuwa anakaanga samaki, nasikia mafuta.

"Dada Nyangeta, mtu wako amevua watu nguo."

"Nimeona, Mzee Kapinga. Nimeona mara nne." Akacheka, akajikaza. "Samahani."

"Nieleze kama unavyomweleza muuza nyama."

"Haya. Bawabu anampokea mhusika, anampeleka bonde la majaribio. Huko anamwishisha miaka yote: njaa, vita, ndoa, mavuno. Sisi huku hata chai haijapoa. Akiona hatavuruga mchezo, anamrudisha na kumtania. Utani amejifunza kutoka sauti zenu za langoni. Zako hasa."

"Zangu?"

"Wewe ndiye unayetukana vizuri kuliko wote."

Sikujua nifurahi au vipi.

"Sasa moyo wa Bonde, ule tunaouita Mizani, haimpokei mhusika bila neno la mtani," aliendelea. "Tungeweza kuifungua sheria na kuandika kwamba kuna kitu kipya kinaitwa mkaguzi. Lakini ingehitaji kura ya watu wote, na nyie mlikuwa mmechoka. Unakumbuka tulichofanya?"

Nilikumbuka. Tulimwandikisha Bawabu kuwa mtani wa koo zote. Tulipiga makofi, mtu mmoja akapiga na vigelegele. Tulidhani tunajaza nafasi iliyo wazi ili kazi iende. Hakuna aliyefikiri kwamba Mizani italishika neno letu kama lilivyo. Na mtani bondeni ana haki zake: anakutukana msibani, anakaa kwenye kiti chako bila kukaribishwa, na akipenda kitu chako anakichukua, na kwako ni aibu kununa au kushtaki. Bawabu alisoma haki zake kama mwanachama yeyote mwaminifu, akaanza kuzitumia.

"Mvue utani basi, abaki mkaguzi," nilisema.

"Ndiyo ubaya wake. Neno lake ni halali kwa sababu ni mtani. Nikimvua, kila aliyepita kwake amepita bila mtani. Mizani itawatoa wote palepale. Wataanza upya, kwenye lango la watu."

"Na mbuzi aliowachukua, na mikuki, na suruali?"

"Vitarudi kwa wenyewe. Vyote au hakuna hata kimoja, Mzee. Nusu haipo." Akageuza samaki. "Wengi wataanza upya bila shida. Wataguna, watapita. Yupo mmoja ninayemfikiria."

Nilijua anamsema nani. Nami nilikuwa namfikiria huyo huyo, na ndiyo maana nilikuwa nimepiga simu.

*

Bi Havijawa wa Lindi alikuwa dalali wa minada. Miaka yake yote alisimama juu ya meza na kitenge mkononi, akaongea kwa kasi ambayo ilimfanya mtu anunue koti la baridi Lindi. Halafu kiharusi kikampiga. Akili ilibaki nzima, mkono ukarudi, mdomo ukarudi nusu. Sasa neno moja linamchukua muda ambao zamani angeuza marobota mawili. Nilimpigia simu jioni ileile, na hapa nayaandika maneno yake kama alivyoyamaliza. Nafasi katikati yake zilikuwa ndefu, na ndani yake nilisikia jogoo, redio ya jirani, na mtu akiburuta ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakuja kunifukuza?"

"Kesho kuna shauri."

"Najua. Mtemi kavuliwa. Nilicheka mpaka nikapaliwa."

Mhusika wake anaitwa Mama Nundu wa ukoo wa Chumvi, bibi wa mkongojo, dalali wa mvua. Anazunguka vijiji anauza mvua ambazo hazijanyesha, tena kwa mkopo. Katika miaka yangu yote langoni nimeona wachache wazuri kama yeye. Kapita kwa Bawabu, na tangu apite, mwanawe Bi Havijawa aliniambia, mama yake anaamka mapema, anadai chai, anadai miwani.

Nikamweleza lilivyo. Bawabu akivuliwa utani, Mama Nundu anatoka. Ataanza upya mbele ya watu, na ngoma haimsubiri mtu.

"Ngoma inalia kwa muda gani?" aliuliza.

"Mfupi, mama. Ndiyo maana nimekuja na njia. Mimi ni mkuu wa lango. Nitasema neno, Mama Nundu atarudishwa bila kutaniwa. Hakuna atakayeuliza."

Kikapita kimya ambacho hakikuwa cha kiharusi. Nilijifunza tofauti siku hiyo.

"Kapinga. Unajua Bawabu aliniambia nini langoni?"

"Hapana."

"Alisema, wewe bibi, maneno yako yamepanda lori la magogo, na lori lenyewe limeharibikia mlimani, na dereva ameenda kutafuta jeki." Akaanza kucheka, kicheko cha upande mmoja, kizito, kitamu. "Tangu niugue, kila mtu ananiongelesha kama yai. Pole mama, pumzika mama. Wewe sasa hivi unaniongelesha kama yai. Yeye alinitukana. Halafu akangoja nijibu. Akangoja mpaka mwisho."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia dereva ndiye baba yake."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia.

"Mimi sitaki kuingizwa kwa huruma," alisema. "Niingie kwa kutaniwa, au nibaki nje kama watu wengine waliofeli."

"Mama, lakini kesho naweza kuamua vibaya."

"Basi amua. Ila usinipitishe uani kama mgonjwa."

Nilifunga bucha mapema. Kwa upande mmoja niliwaona watu kibao walionyang'anywa mali na kitu ambacho hakiwezi kunyang'anywa chochote. Kwa upande mwingine bibi mmoja. Kwa kuhesabu vichwa, jibu lilikuwa rahisi, na ndilo nililolala nalo. Sikulipenda.

*

Uwanja wa lango ulijaa. Watu walikaa mpaka juu ya ukuta. Gwakisa alikuwa amekataa kumvika Mtemi wake suruali nyingine, alisema kaptula ni ushahidi. Kando yake walisimama wenzake: mwindaji aliyechukuliwa upinde asubuhi ya vita, bwana harusi aliyechukuliwa ngoma, na mganga ambaye Bawabu alimchukulia ndevu.

Nyangeta alikaa pembeni, ametulia, mkono uko tayari juu ya alama ya kumvua Bawabu utani. Alikuwa ananisubiri mimi tu.

"Sema, Mtemi," nilimwambia Gwakisa.

Na lazima niseme ukweli, alisema vizuri. Nilitegemea kelele, akaja na hoja.

"Ndugu zangu, mimi najua utani. Bibi yangu alizikwa watani wakiwa wamelala kaburini wanadai pilau, na baba yangu alicheka huku analia. Mtani akinichukulia jogoo leo, kesho namchukulia bata. Akinitukana msibani kwangu, ajue msiba wake unakuja. Ndiyo inayofanya isiwe wizi. Huyu Bawabu tutamchukulia nini? Hana jogoo. Hana msiba. Hawezi kuaibika, hawezi kupungukiwa. Mtu asiyeweza kuumia akikutania, huo si utani. Huyo anakuonea."

Mganga akashika kidevu chake kitupu.

"Bawabu," nilisema, "umesikia?"

"Nimesikia."

"Una nini cha kuchukuliwa?"

"Nina vitu vyenu, lakini hivyo vilikuwa vyenu," alijibu haraka, kama kawaida yake. Hajawahi kufikiria kwa muda ambao mtu angeuona. "Mengine sijui. Hakuna aliyewahi kujaribu. Wote walioudhika nami walipeleka malalamiko kwa Mzee Kapinga."

"Umeona?" alisema Gwakisa. "Amekiri. Kapinga, malizia."

Nikamtazama Nyangeta. Akanitazama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Ngojeni," alisema mtu.

Mama Nundu alitoka katikati ya ukoo wa Chumvi, anajikokota na mkongojo. Watu wakampisha. Akaenda mpaka mbele ya lango, akainua uso. Bi Havijawa akaanza kusema, na uwanja mzima tukamsikia anavyolisukuma kila neno.

"Wewe Bawabu. Mimi ni mtani wako?"

"Ndiyo."

"Na wewe ni wangu?"

"Ndiyo."

"Basi nachukua mwendo wako."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Halafu Nyangeta akaguna, akainamia vioo vyake, vidole vinakimbia.

"Inawezekana," alisema. "Mungu wangu, inawezekana. Mizani inahesabu mwendo kama mali, watu si wanauziana kila siku? Na Bawabu tulimwandikisha kama mwanachama, kwa hiyo anao. Anao mwingi kuliko wote, ndio unaomwezesha kupitisha watu upesi vile. Mtani akiutaka..." Akasimama. "Mizani imekubali. Umehama."

Tulijua umehama, kwa sababu Mama Nundu aliondoka. Mkongojo ulibaki umesimama wenyewe kidogo, halafu ukaanguka. Yeye alikuwa ameshazunguka uwanja, amepita katikati ya miguu ya Mtemi Radi, amepanda ukuta na kushuka, na sasa yuko pale pale alipokuwa, anajipepea na kanga.

"Mtoto wa nani huyu!" mtu alipiga kelele. Watoto na wakubwa wakapiga mbinja.

Lakini mimi nilikuwa naangalia lango. Sauti ya Bawabu ilikuwa haijatoka. Angeweza kumkatalia. Angeweza kuomba shauri, kama Gwakisa alivyoomba, na haki yake ingekuwa ileile.

"Bawabu," nilisema. "Mtani wako amekuchukulia mwendo. Kazi yako yote iko kwenye mwendo. Unadai urudishiwe?"

Tukasikiliza. Kuna aliyekohoa.

"Ha," alisema Bawabu.

Tukasikiliza tena.

"Pa."

"Anasema hapana," alisema bwana harusi.

"Mwache alimalize!" Bi Havijawa alimgeukia, na hapo maneno yalimtoka karibu kwa kasi ya mnadani. "Ni lake. Alimalize mwenyewe."

Bwana harusi akafunga mdomo.

"Na," alisema Bawabu.

Niliamua pale pale, na sikuhitaji kuhesabu kichwa cha mtu. Nilimwambia Nyangeta aondoe mkono wake. Nikasema mbele ya wote kwamba Bawabu ni mtani wa koo zote, aliyepita kwake amepita, na alichochukua amechukua. Mwenye upinde uliochukuliwa, lango liko wazi, aje achukue kitu cha Bawabu. Na lango litakuwa zito sasa, kila anayeingia atasubiri, kwa hiyo nataka watani wa watu warudi zamu kumsaidia mwenzao, nikianza na mimi.

"Ngoma je?" aliuliza mpiga ngoma.

"Ngoma ipumzike. Mtu atajibu atakapojibu."

Wapo walioguna. Gwakisa hakuguna. Alikuwa anamtazama Bawabu kwa jicho jipya, jicho la mtu aliyegundua kuwa jirani ana bata.

"Bawabu," alisema taratibu. "Una bahati kiasi gani?"

"Mtemi!" alisema Nyangeta.

"Nauliza tu. Ni mtani wangu."

Kicheko kikapanda tena, na ndani yake lango likaanza kutoa sauti. Tukanyamazishana. Bawabu alikuwa amepata la kumjibu Mama Nundu, na alikuwa analileta. Lilikuja neno moja moja, kama mtu anayeteremsha mizigo peke yake. Njiani tulisikia upepo wa Bonde, na kwangu dukani friza iliwaka, ikazima, mteja akaingia, nikamwonyesha kidole asubiri, naye akasubiri. Hakuna aliyemsaidia Bawabu hata neno.

"Mama... Nundu," alisema. "Mwendo... wote... huo... na... mvua... yako... bado... imechelewa."

Sijawahi kusikia Bonde likicheka vile. Ukoo wa Chumvi ulicheka, Asali wakacheka, mganga alilia kwenye mikono yake. Gwakisa alishika kaptula isianguke.

Bi Havijawa alicheka mpaka mwisho wa pumzi. Halafu akajifuta, akalikabili lango, akafungua mdomo kumjibu, na sote tukakaa chini kumsubiri.